Shajara ya banda la pamoja: wiki 14 kabla ya Kisongo, wiki 8 baada yake

Kampuni sita ndogo za safari, nne za Arusha na mbili za Moshi, zinachangia banda moja la mita 3 kwa 3 kwenye maonyesho ya utalii ya Karibu-KiliFair, viwanja vya Kisongo, Arusha, mwanzoni mwa Juni. Hakuna kati yake yenye magari zaidi ya matano, wala yenye mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya mitandao ya kijamii tu. Shajara inawekwa na kamati ya watu watatu ili zamu ijayo isianze sifuri. Kipimo cha mradi ni kimoja: maombi ya bei yaliyojibiwa na kufuatiliwa mpaka mwisho. Wafuasi hawahesabiwi. Wakala wa Hamburg anayeleta wageni 80 kwa mwaka huenda hajawahi kubonyeza kile kimoyo kwenye picha ya mtu yeyote.

Wiki ya 14 kabla

Kazi ya kwanza ilikuwa kugawa mitandao kwa kuangalia nani anapatikana wapi. LinkedIn ni ya mawakala wa Ulaya na Marekani, na hasa wale wanaosimamia bidhaa, yaani safari, za Afrika katika kampuni zao. Hao ndio wanaochagua kampuni ya kuwahudumia wageni wao huku, si wale wa idara ya mauzo, ambao mara nyingi ndio wanaojitokeza haraka. WhatsApp ni ya wenzetu wa karibu: lodji, kampuni za ndege ndogo, mawakala wa Nairobi na Zanzibar. Instagram tumeipa kazi ya dirisha la duka. Mtu akishapokea kadi yako anaingia humo kuona kama kampuni ipo hai, kisha anatoka. Facebook imebaki na anwani, namba na saa za kazi tu. TikTok na X tumeviacha pembeni kwa mradi huu, kwa sababu watu watatu hawawezi kulisha mitandao mitano na bado wakajibu barua pepe.

Tumekubaliana pia kutorudia tangazo la “karibuni bandani kwetu”. Tangazo la namna hiyo husomwa na waonyeshaji wenzako, ambao nao wana la kwao. Mnunuzi aliyealikwa na kugharamiwa safari anafika Arusha akiwa na ratiba iliyojaa. Kama jina lako halimo kwenye ratiba hiyo, atapita mbele ya banda akiwa anawahi kwingine. Kwa hiyo juhudi yote ya mitandao kuanzia leo inalenga kujaza kalenda.

Wiki ya 12

Usafi wa akaunti. Inachosha kuliko inavyoonekana, na makosa tuliyoyakuta yalikuwa yaleyale kwa kampuni zote sita.

Jina la kampuni limeandikwa kwa namna tatu tofauti: moja kwenye leseni ya biashara ya utalii (TALA), nyingine Instagram, nyingine kwenye barua pepe. Wakala anayekukagua huanza kwa kulinganisha majina, na yasipofanana anasita. Tumeweka jina la leseni kila mahali, herufi kwa herufi.

Barua pepe ni za Gmail ya bure wakati kampuni ina tovuti yake. Tumefungua anwani zenye jina la tovuti na kuweka rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwako, kwa anayehifadhi tovuti. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji, na barua isiyo na rekodi hizo ina hatari kubwa ya kuangukia kwenye taka. Kampuni moja ilikuwa na rekodi mbili za SPF, ya zamani na mpya. Hilo ni baya kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu SPF inataka mstari mmoja tu, na mikiwa miwili ukaguzi mzima unashindwa. Tumeiunganisha ikawa mmoja.

Kiungo cha WhatsApp hakifunguki. Kiungo cha wa.me hakitaki alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Namba inayoanza 0754 inaandikwa 255754, siyo 2550754. Kampuni mbili kati ya sita zilikuwa na sifuri ya ziada kwenye tovuti, na hakuna ajuaye kwa muda gani, maana mteja aliyeshindwa kukupata hana njia ya kukwambia.

Kwenye WhatsApp Business tumeweka majibu ya haraka manne, lebo za rangi kwa kila kampuni, na ujumbe wa nje ya saa za kazi unaotaja saa kwa wakati wa Afrika Mashariki. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hubeba watu 256, lakini ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Waliozoea kulaumu mtandao kwa ujumbe usiofika wangeanzia hapo. Dawa ni kutuma kadi ya mawasiliano kwanza na kumwomba mtu aihifadhi, kisha ndipo umwingize kwenye orodha.

Wiki ya 10

Picha. Kila kampuni ilileta picha 40. Zimebaki 15 kwa kila moja.

Zilizotupwa hazikutupwa kwa ubovu wa lensi. Kuna gari lililotoka njiani ndani ya Serengeti kumfuata duma, mgeni aliyesimama chini mita chache kutoka kwa tembo, na magari 14 yaliyomzunguka simba mmoja. Julai 2025 video za watalii walioshuka magarini kwenye kingo za Mto Mara wakati nyumbu wanavuka zilizunguka dunia nzima, na tangu hapo wanunuzi wa Ulaya wanatazama picha kwa jicho la mkaguzi. Picha moja ya aina hiyo kwenye ukurasa wako inafuta maneno yote ya uhifadhi uliyoandika chini yake.

Za Kilimanjaro zina mtego wake. Mpagazi aliyebeba mizigo miwili kichwani na begani anapendeza kwenye picha, ila mnunuzi anayejua mlima anahesabu kilo. Kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, na swali la kama kampuni inashirikiana na KPAP, mradi unaotetea maslahi ya wapagazi, linaulizwa mapema siku hizi. Tumebakiza picha zinazoonyesha mahema ya wapagazi, chakula chao na mizani ya getini.

Picha za lodji tumeziandikia lodji zenyewe kuomba ruhusa, maana kununua chumba hakukupi haki ya picha. Picha za watu bomani zimebaki zile tu ambazo mwenye sura alikubali akijua zinakwenda kwenye matangazo ya biashara. Kukubali kupigwa picha na mgeni ni jambo jingine. Za droni tumezitoa zote ambazo hazikuwa na kibali, kwa kuwa droni inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi inahitaji ruhusa ya TANAPA pia.

Faru hawatajwi walipo, wala picha yao haiwekwi siku hiyohiyo. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: picha ikitumwa WhatsApp kama picha, taarifa za mahali ilipopigwa huondolewa. Ikitumwa kama faili ili isipoteze ubora, taarifa zile husafiri nayo. Madereva wetu wanapenda kutuma kama faili. Tumezima utambuzi wa mahali kwenye kamera za simu zao.

Vipimo: pikseli 1080 kwa 1350 kwa posti za kawaida, 1080 kwa 1920 kwa stori na video za wima. Muziki wa Bongo Fleva umeondolewa kwenye video zote. Akaunti za biashara haziruhusiwi nyimbo zenye haki miliki kama akaunti binafsi, na video inaweza kunyamazishwa katikati ya maonyesho, wakati ambao huna muda wa kuihariri upya. Maneno yanaandikwa juu ya picha, maana ofisini watu hutazama sauti ikiwa imefungwa.

Wiki ya 9

Mialiko ya LinkedIn imeanza. Kila ujumbe una herufi chini ya 200 na mambo matatu tu: bidhaa moja ambayo mhusika tayari anaiuza na ambayo sisi tunaweza kumwendeshea, siku na saa mbili za kuchagua, na namba ya banda. Hakuna viambatisho, wala “tunatoa huduma bora”. Kumi na tano kwa siku, si zaidi, kwa sababu akaunti inayotuma mialiko mingi kwa mkupuo hufungiwa kwa muda.

Aliyekubali mwaliko bila kujibu anaandikiwa mara moja tu tena, baada ya siku saba, kwa barua pepe. Baada ya hapo anaachwa. Kumgandama mtu kabla hamjaonana kunamfanya aikwepe hata njia inayopita bandani.

Wiki ya 7

Karatasi ya bei. Hapa ndipo kampuni nyingi hufika maonyesho zikiwa mikono mitupu, zikisema “tutakutumia”. Mnunuzi wa Juni anataka bei ya neti, yaani isiyo na kamisheni yake, ya mwaka ujao, Januari hadi Desemba, kwa kuwa mwaka huu ameshauuza.

Tumekubaliana kila kampuni iwe na kurasa mbili za PDF zisizozidi megabaiti 2, na bei kwa mtu kwa makundi ya 2, 4 na 6. Sera ya watoto, masharti ya kufuta safari na lugha za waongoza watalii zimo. Ada za hifadhi zimetajwa peke yake pamoja na VAT. Kosa linaloudhi kuliko yote ni kuandika Instagram “kuanzia dola fulani” huku ada zimeachwa nje. Ada ya kushuka kreta ya Ngorongoro peke yake ni dola 250 kwa gari, na ukiongeza asilimia 18 inakuwa 295. Kwa wageni wawili hiyo ni karibu dola 148 kwa kila mmoja, kabla hujagusa mafuta, chakula wala kitanda. Wakala aliyekwisha kumtajia mteja wake bei ya Instagram hawezi kurudi kuiongeza. Atatafuta kampuni nyingine.

Bima ya dhima kwa umma imeulizwa na mawakala watatu wa Ujerumani hata kabla ya bei. Sababu iko kwenye sheria yao. Kwa agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015 kuhusu safari zinazouzwa kama kifurushi, lililoanza kutumika Julai 2018, aliyemwandalia mteja kifurushi ndiye anayewajibika safari ikiharibika, hata kama aliyekosea ni dereva wa huku. Kwa hiyo anataka kuona cheti cha bima, leseni na utaratibu wa uokoaji wa dharura. Tumeweka nakala hizo kwenye folda moja yenye kiungo cha kusoma tu. Kampuni mbili bado hazijaleta cheti cha bima, na majina yao hayatapewa miadi ya Wajerumani mpaka walete. Uamuzi huu ulizua maneno kwenye kikao. Haujabadilishwa.

Wiki ya 6

Misimbo ya QR. Kwa kitu kidogo hivi, kimetuchukua siku mbili.

Jaribio la kwanza lilitumia anwani ya tovuti ikiwa na vitambulisho vyote vya kupima chanzo cha mgeni, jumla herufi 118. Msimbo uliotoka una vijisanduku 45 kwa 45. Ukiuchapa kwa upana wa milimita 20 kwenye kadi, kila kijisanduku kina milimita 0.44, na simu ya bei nafuu ndani ya hema lenye kivuli inahangaika kuusoma. Anwani ya wa.me yenye namba ya Tanzania ina herufi 26 kamili, nayo inaingia kwenye msimbo wa vijisanduku 25 kwa 25. Kwa upana uleule kila kimoja kina milimita 0.8. Ukiongeza neno fupi la utambulisho mwishoni, mfano ?text=KF1, zinakuwa herufi 35 na msimbo wa 29 kwa 29, ambao bado unasomeka vizuri.

Neno hilo fupi ndilo kipimo chetu. KF1 ni kadi, KF2 ni bango, KF3 ni karatasi ya bei. Mtu akituma ujumbe, neno linatokea lenyewe kwenye mstari wa kwanza na lebo inabandikwa. Kwa viungo vya tovuti, vitambulisho vyote vinaandikwa kwa herufi ndogo, maana takwimu za Google huhesabu Instagram na instagram kama vyanzo viwili.

Ukubwa umewekwa kwa kugawa umbali kwa kumi. Bango linalosomwa kutoka mita 2 linahitaji msimbo wa sentimita 20, na kadi iliyo mkononi, sentimita 2 hadi 3. Pembeni huachwa nafasi nyeupe ya vijisanduku vinne kila upande. Wabunifu wa michoro hupenda kuila nafasi hiyo ili picha ya simba iwe kubwa.

Huduma za bure za kutengeneza misimbo inayobadilika tumezikataa. Nyingi huanza bure, kisha muda wa majaribio ukiisha msimbo unampeleka mtu kwenye ukurasa wa kudai malipo, huku kadi 500 zimeshachapwa.

Wiki ya 4

Kalenda ya pamoja. Miadi ni dakika 20 na mapumziko ya dakika 10, kwa hiyo miwili kwa saa. Kwa saa sita za kazi kwa siku na siku mbili za biashara, nafasi ni 24. Siku ya mwisho tumeiacha wazi, kwa ajili ya wageni wa kawaida na waliochelewa.

Imetokea hitilafu ambayo lazima iandikwe hapa, kwa kuwa itarudi. Mmoja aliandika miadi “saa 3:20” akimaanisha asubuhi yetu, mwingine akaiingiza kwenye kalenda kama 03:20, na wa tatu alipoona ni usiku wa manane akaisahihisha kuwa 15:20. Wakala aliyekuwa amekubali 09:20 akapokea mabadiliko mawili kwa siku moja. Kanuni sasa: kalenda na barua pepe ni mfumo wa saa 24 tu, na mwezi unaandikwa kwa neno. Tarehe 06/07 kwa Mmarekani ni Juni 7, kwa sisi ni Julai 6. Saa za Kiswahili zibaki mdomoni.

Majira nayo yanabadilika. Mwezi Juni Berlin iko nyuma yetu kwa saa moja. Wakati wa ITB, maonyesho ya utalii ya Berlin, mwanzoni mwa Machi, iko nyuma kwa saa mbili, na London wakati wa WTM, maonyesho yao ya Novemba, iko nyuma kwa saa tatu. Mnunuzi anayeweka 10:00 kwenye kalenda akiwa bado Berlin anaonekana kwetu 11:00. Kila miadi inathibitishwa kwa sentensi moja yenye maneno “saa za Arusha”.

Wiki ya 3

Mzigo kutoka kwa wachapaji umefika. Bango la kusimamisha lina nembo sita zilizopangwa kama kwenye jezi ya mpira, na msimbo wa QR uko chini kabisa, sentimita 30 kutoka ardhini, mahali ambapo meza itauziba. Kosa ni letu, maana tuliidhinisha mchoro kwenye simu bila kuupima kwa futi. Limechapwa upya: msimbo uko sentimita 130 kutoka chini, nembo zimetolewa, na badala yake kuna maneno manne makubwa, Kilimanjaro, Kaskazini, Kusini, Zanzibar, kwa Kiingereza na Kijerumani. Anayepita anatafuta bidhaa, jina la kampuni atalisoma akishakaa.

Kadi za biashara zenye mng’ao upande wa pili zimekataliwa nazo. Haziandikiki kwa kalamu, na nyuma ya kadi ndipo mnunuzi anapoandika ulichomwahidi.

Wiki ya 2

Fomu ya mgeni imekamilika, nakala 120 za karatasi A5. Ina jina, kampuni, nchi, idadi ya wageni kwa mwaka, miezi, alichouliza, alichoahidiwa, atakayejibu na tarehe ya kujibu. Chini kuna kisanduku cha kukubali kupokea habari zetu kwa barua pepe, na hakijawekwa alama mapema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023, na kwa Wazungu kuna sheria yao ya tangu Mei 2018. Aliyekuachia kadi amekuruhusu kumjibu alichouliza. Kumwingiza kwenye jarida la kila wiki kunahitaji ruhusa ya pekee.

Ugomvi wa nani anapata mteja yupi umemalizwa kwa kanuni mbili. Mwenye miadi ni wa kampuni iliyomwalika. Aliyeingia bila miadi anakwenda kwa kampuni iliyo zamu saa hiyo, isipokuwa ameuliza bidhaa ambayo kampuni hiyo haina. Zamu ni watu wawili kwa saa mbili. Zaidi ya hapo, meta tisa za mraba zinakuwa kijiwe.

Siku moja kabla

Vilivyobebwa: laini mbili za mitandao tofauti zenye bando la kutosha, kwa sababu watu wakijaa uwanjani mtandao mmoja huelemewa. Pawabenki tatu, ekstensheni ya mita 10, gundi ya karatasi, vitambaa vya kufutia vumbi, mawe manne ya kuzuia miguu ya bango upepo unapovuma mchana. Jaketi pia, asubuhi za Juni Arusha si za fulana. Maiki ya kubana kolani yenye kifuniko cha manyoya, la sivyo video yote itakuwa sauti ya turubai linalopigwa na upepo.

Simu ya kurekodi imewekwa 1080p kwa fremu 30. Kwa iPhone hiyo ni kama megabaiti 60 kwa dakika. Ukiweka 4K ni 170. Mada ya dakika 45 kwenye ukumbi inakuwa gigabaiti 2.7 badala ya 7.6, na tofauti haionekani kwa anayetazama kwenye simu.

Siku ya 1

Miadi ilianza kuchelewa saa tano. Dakika 20 zikawa 35, kwa kuwa waliokaa walianza na historia ya kampuni. Kuanzia mchana swali la kwanza ni lao: “Ni safari gani inayokusumbua sasa?” Mnunuzi akijibu hilo, dakika 20 zinatosha.

Mtandao ulizorota kama ilivyotarajiwa. Fomu za karatasi hazikuzorota.

Posti moja tu imewekwa LinkedIn, jioni: hoja tatu kutoka kwenye mada iliyotolewa mchana, pamoja na msimamo wetu kuhusu moja wapo. Picha za banda na tabasamu hazikuwekwa. Posti ya hoja ilileta maoni kutoka kwa mawakala wawili ambao hawakuja Arusha kabisa, na huu ndio upande wa mikutano unaosahaulika: nusu ya wanaokufuatilia wiki hii wako ofisini kwao.

Siku ya 2

Kila aliyekaa bandani leo na jana ametumiwa ujumbe jioni ileile, mistari mitatu: nani alizungumza naye, aliahidiwa nini, atakipata lini. Picha ya kadi inapigwa pamoja na fomu yake, zikiwa zimewekwa kando kwa kando, kwa kuwa jana kadi mbili zilitengana na fomu na ikabidi kubahatisha nani alikuwa anataka Ruaha.

Mtu mmoja alijitambulisha kama mshawishi wa mitandao na kuomba safari ya siku saba bila malipo. Aliombwa takwimu za nchi wanakotoka watazamaji wake, siyo idadi yao. Hakurudi.

Siku ya 3

Wageni wengi, wanunuzi wachache. Msimbo wa bango ulisomwa zaidi leo, na waliouliza wengi ni wakazi wanaotaka safari ya wikendi. Hili halikuwa kwenye mpango. Wamepewa lebo yao na bei ya shilingi itaandaliwa, kwa kuwa ada za hifadhi za raia wa Afrika Mashariki ni tofauti na karatasi yetu yote ni ya dola.

Siku 3 baada

Fomu 47 zimegawanywa. A ni mwenye tarehe na idadi ya wageni, na bei yake inatoka ndani ya siku mbili za kazi. B ni mwenye nia bila tarehe: anapelekewa karatasi ya bei na swali moja, ndani ya wiki. C ni wauzaji waliokuja kutuuzia sisi: bima, programu za kuweka nafasi, matairi. Hao walikuwa wengi kuliko tulivyodhani na wanapewa shukrani ya mstari mmoja.

Barua zinatumwa moja moja. Kampuni iliyotuma kwa watu 30 kwa nakala fiche, ikiwa na kiambatisho cha megabaiti 18, imerudishiwa barua tisa, na nyingine hazijulikani ziliko.

Wiki ya 3 baada

Waliokaa kimya kwenye kundi A wamepigiwa simu au kuandikiwa WhatsApp kwa kutumia picha ya fomu yao. Kilichofanya kazi zaidi ya kukumbusha ni kuwapelekea taarifa mpya inayowahusu: nafasi zilizobaki kwenye kambi fulani ya kaskazini mwa Serengeti kwa Agosti, au njia ya Lemosho iliyopangiwa siku nane badala ya saba. “Je, umepata barua yetu?” haikujibiwa hata mara moja.

Kampuni mbili hazijajibu fomu zao nne za kundi A. Kwa mujibu wa makubaliano, fomu zinahamia kwa kampuni inayofuata kwenye zamu kuanzia Jumatatu.

Wiki ya 8 baada

Maandalizi ya S!TE, maonyesho ya utalii ya Dar es Salaam, Oktoba. Yanayobadilika: msimbo mpya wenye neno ST1 hadi ST3, maana ule wa KF bado unaleta ujumbe na tusingependa kuvichanganya, karatasi ya bei ya shilingi imekamilika, bango linaongezewa Nyerere na Mikumi, kwa sababu mnunuzi anayefikia Dar anaiangalia kusini kwanza, tena akiwa na reli ya SGR inayomfikisha Morogoro.

Yanayosubiri: vyeti viwili vya bima, na video ya mada ambayo mzungumzaji wake bado hajaturuhusu kuikata vipande. Bila ruhusa yake haiwekwi popote. Atakayekwenda ITB Machi aanze ombi la viza ya Schengen mapema, inapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari na haipokelewi zikibaki pungufu ya siku 15. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Fomu za A5 zimebaki 73, zinatosha Dar. Gundi imeisha.